Nyumba ya Mkomani, Lamu: shajara ya kutafuta nafasi

11 Januari

Leo nimepima. Chumba cha ndani, anakolala Bibi, kina upana wa mita 2.68 upande wa mlango na mita 2.61 upande wa pili. Urefu wake karibu mita 8. Asiyewahi kulala kwenye nyumba ya mawe ya Lamu atauliza ni nani aliyejenga chumba kama ushoroba. Jibu ni mti. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ukiitaka ivuke zaidi ya hapo itaanza kulegea katikati. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba: msana wa kwanza, msana wa pili, ndani, na kila kimoja kina kiza kuliko kilicho mbele yake.

Sasa katika mita hizo 2.61 weka kitanda cha mita moja na nusu, na mbele yake kabati la nguo la sentimita 60 lililonunuliwa mwaka niliomaliza shule. Zimebaki sentimita 51. Bibi anapita ubavu. Usiku akiamka kwenda chooni huwa anashika mlango wa kabati asianguke, na bawaba ya juu imeng'oka kwa ajili hiyo.

Tuko watu tisa ninapokuja kutoka Mombasa, nane nikiondoka. Bibi, Mama, kaka na wifi na watoto wao watatu, na mdogo wangu wa kike ambaye harusi yake ni mfungo mosi, mara baada ya Ramadhani. Kwa hiyo tarehe ya mwisho tunayo, na si ya kusogezwa. Mimi ndiye niliyesomea kuchora majengo, basi kazi imeniangukia. Naandika hii shajara ili kaka asiseme baadaye kwamba hakuambiwa.

13 Januari

Siku mbili nimehesabu vitu. Sikuwa na haja ya kuhesabu kila kijiko, lakini nilitaka kujua nyumba hii inahifadhi nini hasa kabla sijachora hata rafu moja. Masinia 20. Magodoro 14, na watu ni tisa. Sufuria kubwa za pilau tano, ya mwisho kipenyo chake sentimita 88, mtoto wa kaka anaingia na kujifunika. Mikeka, majamvi, mabuli, vikombe vya kahawa vya udongo ndani ya ndoo, mapazia ya kukinga wanawake uani siku ya shughuli. Kawa mbili kubwa zilizoliwa na panya.

Zaidi ya nusu ya vitu hivi ni vya wageni. Vinashuka wakati wa harusi, khitma, na Maulidi wakati mji unapojaa watu na kila nyumba inapokea jamaa wa Pate, wa Faza, wa Malindi. Siku nyingine zote vimekaa kwenye njia ya anayeishi humu. Wifi anakuna nazi juu ya godoro lililokunjwa kwa sababu mahali pa kuweka mbuzi ya kukunia nazi pameshikwa na sufuria.

Kaka alikuwa na mpango wake: kabati zaidi. Mimi nikamwambia chumba cha mita 2.61 hakitaki kabati hata moja. Kitu kiingie ukutani au kiende juu. Akanitazama kama niliyemwambia aweke nguo zake angani.

15 Januari

Fundi wa mawe amekuja kutazama. Ni mzee, alimjengea babu kikuta cha darini, na nyumba hii anaijua kuliko sisi. Hakutoa futi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ndani nyuma ya kabati la Bibi, akaweka kiganja, akaninusisha mkono wake. Ukungu.

"Ukuta huu wanwa mai," akasema, yaani unakunywa maji. "Nani kaupiga simiti?"

Tuliupiga simiti sisi, miaka kumi na kitu iliyopita, ili uwe laini na upakwe rangi ya mafuta. Ukuta wa jiwe la matumbawe uliojengwa kwa chokaa unapitisha unyevu, unaingia chini na kutoka taratibu kwenye lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa simenti na rangi ya mafuta umeuziba pumzi. Maji yanapanda ndani kwa ndani, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inaisukuma. Zile ramani za kahawia na unga mweupe tulizokuwa tukizifuta kila mwezi kwa kitambaa ndiyo chumvi yenyewe. Na kabati lilikuwa limegandamana na ukuta, hapakuwa na hata nafasi ya kupitisha kidole. Nguo za Bibi zilizonuka uvundo hazikuwa na kosa.

Kisha akagonga ukuta kwa fundo la kidole, akienda akisimama, akienda akisimama, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Mahali pengine palijibu kwa sauti nzito, pengine pakalia kama tikiti. Akamwita Bibi.

"Hapa hapakuwa na zidaka?"

Bibi akasema zilikuwapo, mashubaka ya ukutani ya safu tatu, ziliwekewa sahani za Kichina na misahafu. Nimezaliwa katika nyumba hii, na ndiyo mara ya kwanza kusikia.

20 Januari

Zidaka zipo. Tisa, tatu kwa tatu, zimejazwa vifusi na simenti. Fundi na kijana wake walizifungua kwa patasi ndogo, si kwa nyundo kubwa, kwa sababu pambo la chokaa lililozunguka kila kidaka bado liko kwa zaidi ya nusu. Ndani tulikuta mawe, kipande cha mfuko wa simenti na betri mbili za redio.

Mama hakufurahi sana. Alitaka ukuta wa vioo kama aliouona kwenye nyumba ya rafiki yake Mombasa, na dari ya jipsam yenye taa zilizofichwa. Tulibishana kwa adabu mpaka magharibi. Jipsam nimekataa kabisa, na hapa sina msamaha: ukiziba boriti huwezi tena kuziona, na usichokiona mchwa na dumuzi watakiona. Boriti unaitazama kila mwaka, unaigonga, ukisikia unga unamwagika unajua umri wake umekwisha. Nyumba ya jirani dari iliporomoka mchana, alhamdulillahi watu walikuwa barazani. Lakini nimempa Mama jikoni. Marumaru za jikoni atachagua yeye, hata zikiwa na maua.

22 Januari

Kina cha kidaka ni sentimita 22. Nguo za kuning'inizwa hazitoshi, na hapo ndipo kaka alipodhani amenishinda. Nikachukua leso ya Bibi. Ina mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi. Ukiikunja nusu mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana unapata kitu cha sentimita 19 kwa 28. Inaingia. Doti kumi kwa kila kidaka, jina la leso likitazama mbele, na Bibi anaisoma kabla ya kuitoa. Ana doti 60 na zaidi, nyingine hazijawahi kukatwa. Amezipanga mwenyewe mchana kutwa juu ya mkeka kwa majaribio, huku akitusimulia ni nani alimpa ipi na kwa fumbo gani. Moja alipewa na wifi yake mwaka waliogombana. Hiyo ameiweka chini kabisa.

Mabuibui na nguo ndefu zitaning'inia kwenye vigingi vya mti nyuma ya pazia, ukutani mwa choo, pale chumba kinapoishia. Kabati linatoka.

Nilitaka pia tutoboe zidaka mpya kwenye ukuta wa upande wa pili. Fundi akakataa bila kunyanyua macho. Ukuta ule unabeba vichwa vya boriti za juu, na jiwe la matumbawe lililounganishwa kwa chokaa haliko kama boksi la simenti na nondo. Tundu lililojengwa pamoja na ukuta ni nguvu, tundu lililotobolewa baadaye ni ufa. Mlango wa zamani uliozibwa kati ya misana miwili, huo tunaweza kuutumia, kwa kuwa juu yake tayari kuna kizingiti. Umetupa kabati la kina cha sentimita 47 bila kupoteza sentimita hata moja ya chumba. Vitabu vya watoto, pasi, cherehani ya Mama.

30 Januari

Tumebandua simenti yote ya ndani, kutoka sakafuni hadi urefu wa kifua na zaidi. Ukuta unaachwa ukauke. Kaskazi inavuma, hewa ni kavu, huu ndio wakati. Fundi anasema wiki tatu, kaka anasema wiki moja. Wiki tatu.

Chokaa imezimwa kwenye pipa, imefunikwa kwa magunia mabichi. Mchanga umetoka bara kwa mashua. Ule wa vilima vya Shela, ulio karibu na mweupe na mzuri kutazama, haushikwi: vilima vile ndivyo vinavyoweka maji matamu tunayokunywa mji mzima.

Bibi amehamia msana wa pili kwa muda. Anasema amelala vizuri kuliko miaka yote, na nashindwa kujua kama ni sifa au lawama.

3 Februari

Kabati za kaka zimefika.

Sikuziagiza mimi. Aliziagiza kwa siri kwenye duka la mji mkubwa ambalo sitalitaja, aliziona kwenye simu, nyeupe, za kung'aa, na alitaka kumfurahisha Mama. Zimepakiwa basi hadi Mokowe, zikashushwa kwenye mashua, zikarushiwa maji ya chumvi mlangoni mwa mkondo, zikapakiwa kwenye mkokoteni wa mkono forodhani, na zikakwama kwenye kona ya pili kutoka nyumbani. Njia zetu zilipimwa kwa punda mwenye shehena, na shehena ya punda haina mita 2.2. Zilirudishwa nyuma, zikazungushwa kwa njia ya msikiti, zikafika. Ngazi yetu ina kona ya sentimita 70. Hazikupanda.

Zimekaa kiwandani chini ya turubai. Ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kufunikwa ngozi ya plastiki. Leo jioni nilipapasa ukingo wa chini wa moja iliyorushiwa maji. Umevimba kama mkate uliolowekwa.

4 Februari

Kaka hasemi na mimi, na mimi sikusema neno. Hilo ndilo linalomuudhi.

9 Februari

Seremala. Huyu ni jamaa wa upande wa baba, kijana bado, babake alikuwa akijenga mashua Matondoni na yeye alianza na tezo kabla ya randa ya umeme. Tumekubaliana plaiwudi ya marini kwa sanduku za ndani na mbao nzima za mbambakofi kwa milango na fremu. Milango yote ina luva, yaani vibao vilivyolala kwa mshazari ili hewa ipite. Mji wa bahari ukifunga kabati bila hewa, unafuga ukungu. Bawaba za shaba. Za chuma zilizopakwa rangi hazimalizi miaka miwili hapa.

Ubao mmoja wa plaiwudi ni mita 2.44 kwa 1.22. Nimejifunza kwa kabati za kaka: nikachora kila kipande, nikamwambia akate hukohuko karakana forodhani, vipande vije vimegawanywa. Punda watatu, safari mbili. Nilijiona hodari.

16 Februari

Sikuwa hodari. Vipande vya kabati la mlango uliozibwa vimefika na havikai. Nilipima upana chini, sentimita 94, nikaandika 94. Juu ni 88. Katikati kuna tumbo. Nilikuwa nimefundishwa haya darasani, nikawafundisha wengine, na katika nyumba yetu wenyewe nikapima mara moja kwa sababu nilidhani naijua.

Seremala hakucheka mbele yangu. Aliniambia, "Dada, nyumba hizi hazina pembe, zina tabia." Akachukua kipande cha mbao chembamba, akakisimamisha pembeni mwa ukuta kwa timazi, akatia penseli ubavuni mwa kidude kidogo na kukiburuta ukutani kutoka juu hadi chini. Penseli ikachora tumbo la ukuta juu ya mbao, kila bonde na kila nundu. Akakata kwa msumeno wa mkono kufuata mstari ule. Ukaingia kama meno ya juu na ya chini. Vipande vyangu vitatu vimeharibika. Tumevifanya rafu za stoo ya chini ya ngazi, huko hakuna anayetazama.

Chini ya ngazi, kwa kweli, ndiko kulikotoa nafasi kubwa kuliko nilivyotarajia. Palikuwa na magunia ya mkaa na baiskeli. Baiskeli, katika mji usio na mahali pa kuiendesha, ilikuwa ya marehemu Baba alipofanya kazi Malindi. Mama ameomba ibaki. Tumeitundika juu, kwenye kulabu mbili, na chini yake zimekaa sufuria nne za pilau, moja ndani ya nyingine. Ile ya sentimita 88 haikuingia.

19 Februari

Juu ya njia, kati ya nyumba yetu na ya Shangazi, kuna wikio. Kwa wasiojua: ni chumba kilichovuka njia kama daraja, watu na punda wanapita chini yake. Kilijengwa ili wanawake wa nyumba mbili waende na kurudi bila kushuka mtaani. Kina upana wa mita 2 na nusu na urefu kama mita 3. Sasa hivi kina kitanda kilichovunjika, magodoro yaliyoachwa tangu harusi ya binti wa Shangazi, na funguo mbili: moja ya Bibi, moja ya Shangazi. Kila mmoja akitaka kuingia lazima amwambie mwenzake, na hawaambiani.

Kwangu mimi ndiyo stoo bora ya nyumba nzima. Hakuna ukuta unaogusa ardhi, kwa hiyo hakuna unyevu unaopanda. Upepo unapita chini na pande mbili. Magodoro yasingepata mahali pakavu zaidi katika Mkomani. Nimekwenda kwa Shangazi na chupa ya kahawa.

Alinisikiliza. Akaniuliza kama Bibi ndiye aliyenituma. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi mambo ni yako. Nusu ya kule ni yangu, na nusu yangu ni ile yenye dirisha."

21 Februari

Bibi anasema nusu yenye dirisha ni yake.

24 Februari

Fundi amekagua wikio kabla hatujaweka mzigo. Boriti mbili upande wetu zimeliwa na dumuzi. Aliingiza msumari kwa kidole tu ukazama. Tumetafuta za kubadili. Tangu serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, na mikoko ikaingizwa katika marufuku hiyo, kila mtu hapa anajua bei ya boriti kama anavyojua bei ya mchele. Tulizipata zenye kibali, tukachagua wenyewe, zilizonyooka na zisizo na ganda lililopasuka. Fundi anazipima kwa macho, anafumba moja na kutazama urefu wa mti kama anayelenga bunduki.

Kwa nje wikio haliguswi. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 na mtaa wetu uko ndani ya eneo la hifadhi; michoro tuliipeleka tangu Januari, hata ya kazi za ndani. Wengi wanalalamika. Mimi naona afadhali kungoja karatasi kuliko kuona dirisha la alumini juu ya njia.

5 Machi

Ramadhani. Kazi ni asubuhi hadi adhuhuri, na baada ya tarawehe seremala anapiga msasa tu, hapigi nyundo. Lipu ya chokaa imemalizika ndani, tabaka tatu, ya mwisho imesuguliwa kwa jiwe la mviringo hadi ikang'aa kidogo. Hatupaki rangi ya mafuta. Bibi ameingia, akapitisha mkono ukutani, akatoka bila neno, kisha akarudi na leso zake.

Zidaka zenyewe zilipungukiwa na pambo pembeni. Fundi amechonga upya panapokosekana, na nikamwomba asifanye ifanane mno. Panaonekana kipya ni kipi, kwa anayejua kutazama.

9 Machi

Choo. Mama alitaka birika livunjwe ili mashine ya kufulia ipate nafasi. Ni lile birika la kujengwa pembeni, la kuchota maji, lenye samaki wawili wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Watoto wamewapa samaki majina. Lakini sababu yangu si samaki. Maji ya bomba hayaji kila siku, na birika hili linachukua maji ya siku nne za watu tisa. Ni stoo, ila ya maji. Mashine imepanda darini karibu na jiko, maji machafu yanateremka kwa bomba lililokuwapo, na nguo zinaanikwa hapohapo. Wifi hatapanda tena ngazi na ndoo ya nguo mbichi.

Jiko lenyewe, marumaru zina maua. Mawaridi makubwa. Nimeahidi, nimetimiza. Meza ya kupikia tumeinua hadi sentimita 92 kwa ajili ya wifi aliye mrefu, na kwa kuwa Mama hukuna nazi akiwa ameketi, chini ya meza kuna nafasi wazi ya mbuzi, kinu na kibao cha kukatia, havina mlango. Kitu kinachotumika kila siku ukikifungia mlango utakikuta juu ya meza. Susu, lile la kutundikia chakula, tumelirudisha kwenye kulabu yake ya zamani, na paka wa mtaa wamelijua siku hiyohiyo.

Milango ya kabati za kaka, ile isiyovimba, seremala ameikata ikawa milango ya kabati za jikoni. Nyeupe, ya kung'aa. Mama anaipenda. Kaka ameniomba chumvi wakati wa futari, kwa hiyo tunasemezana.

17 Machi

Mabaraza ya daka, yaani kibaraza cha mlango wa mbele, yale mawili ya kukaribishia wageni, yalikuwa ya mawe matupu. Kuyavunja ni haramu kwangu. Tumejenga sanduku la mbao ndani ya daka, urefu wa baraza, kifuniko kinanyanyuka, viatu vya watoto na mipira vinaingia chini. Siku ya pili mtoto wa kati alijificha humo akalala. Seremala ametoboa matundu mengine matano.

24 Machi

Wikio limekwisha. Rafu pande zote mbili, katikati njia. Upande wa dirisha na upande usio na dirisha zina urefu sawa. Nilizipima mara tatu, juu, kati na chini. Masinia yanasimama kwa ukingo kwenye mianya ya mbao kama sahani kwenye uchaga, 20 kila upande, ya kwetu na ya Shangazi. Magodoro yamelala juu ya vibao vyenye nafasi. Sufuria ya sentimita 88 iko mwisho, chini ya dirisha, mahali ambapo hakuna aliyepadai.

Kitasa nimeweka kimoja. Funguo mbili zilezile zinakifungua. Hiyo ni kazi ya fundi wa makufuli wa mtaa wa Langoni, si yangu, na alinitoza ipasavyo.

Bibi amekwenda kutazama kwa upande wetu. Shangazi alikuwa tayari amesimama upande wake. Walisalimiana kwa masinia. Shangazi akasema lile lenye mshono ni la mamake. Bibi akasema anajua.

12 Aprili

Harusi imepita, alhamdulillahi. Watu waliolala kwetu sikuwahesabu, magodoro yote yalishuka na matatu tukaazima. Kilichonifurahisha mimi hakuna aliyekiona: siku ya kupika, masinia 40 yalitoka wikioni kwa mkono, kutoka mtu hadi mtu, wakati niliokuwa bado natafuta kiatu changu. Zamani ilikuwa asubuhi nzima ya kuhamisha vitu ili ufikie vitu.

Vilivyoshindwa: vigingi vya Bibi ni vya juu mno, anatumia fimbo, seremala atavishusha sentimita 15. Luva ya kabati la vitabu imepinda kwenye mvua ya kwanza ya masika kwa sababu ubao ule haukukauka vizuri, na nilijua, na nilikuwa na haraka. Kwenye marumaru ya mawaridi waridi moja limewekwa kichwa chini. Mama hajaliona bado.

15 Aprili

Tumeosha na kurudisha vyombo. Kila nyumba ina alama yake chini ya sinia. Yetu ni tone la rangi nyekundu, ya Shangazi ni msalaba wa msumari. Rafu ya wikio ina mianya 40. Masinia yaliyorudi ni 43. Matatu yana tone la kijani. Tumeuliza mtaani hadi Langoni, na hakuna nyumba inayosema kijani ni chake. Bibi amekataa yawekwe sakafuni, ya watu hayo, mwenyewe atakuja, na amekataa yetu yatolewe kuyapisha.

Seremala anakuja Jumatano. Nimemwambia alete ile penseli.